Jibu: Je, kilomita 2 hadi barabarani zinatosha kupima usafiri wa vijijini?

Ndugu, umeuliza kama umbali wa kilomita 2 hadi barabarani unatosha kuonyesha hali ya usafiri vijijini. Kwa maoni yangu unatosha kuanzia kazi, lakini hautoshi kuamulia bajeti.

Kipimo hicho, ambacho Benki ya Dunia ilikieneza mwaka 2006 na ambacho leo ni kiashiria 9.1.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, huhesabu asilimia ya wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Ugumu wa kwanza ni msimu: barabara ya udongo iliyo nzuri mwezi Septemba huweza kukatika wakati wa masika, na ramani haitakuonyesha kwamba kalavati limechukuliwa na maji. Ugumu wa pili, ambao kwangu ni mkubwa zaidi, ni kwamba mkulima anayeishi mita 300 kutoka barabara ambayo gari hupita siku ya gulio pekee huhesabiwa kuwa amefikiwa, ilhali siku nyingine mgonjwa wake hutegemea bodaboda, kama nauli ipo.

Ningekushauri uongeze dodoso fupi la kaya linalouliza muda wa kufika zahanati, nauli ya kiangazi na ya mvua, na magari yanayopita kwa siku. Wanawake waulizwe peke yao, kwa kuwa safari zao nyingi za maji na kuni hupita vijia ambavyo kiashiria hiki hakivihesabu kabisa.