Konzi ya mwisho ya unga ndiyo huharibu skonzi

Mwaka wa kwanza nilipohamia Mbeya nilioka skonzi kila Jumapili, na kila Jumapili zilitoka ngumu. Siku moja shemeji yangu alichukua moja, akaigonga mezani, ko ko ko, akaniuliza, "Shemeji, hizi za chai au za kujengea msingi?" Nilicheka na wenzangu, lakini ilinikaa rohoni. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikila mkate wa kupalia makaa, halafu nashindwa na skonzi?

Nikalaumu hamira. Nikabadili unga mara tatu. Nikalaumu baridi, nikalaumu oveni, nusura niilaumu na trei.

Mama alipokuja kututembelea, alivuta kigoda akakaa jikoni kuniangalia. Kinyunya kilinata vidoleni, nikachota konzi ya unga nikanyunyiza. Kikanata tena, nikachota nyingine. Ya tatu hakuivumilia. "We mwanangu, mbona watia unga tu? Hicho kinyunya kimekukosea nini?" Akasogeza bakuli upande wake, akajipaka mafuta kidogo viganjani, akaendelea kukanda kilekile kinachonata. Kwanza kilikuwa kama gundi. Baada ya dakika kumi hivi kikaanza kujikusanya chenyewe na kuacha kuta za bakuli. Hakuongeza unga hata chembe.

Hapo ndipo nilipojua ugonjwa wangu. Unga hunywa maji taratibu, na mnato wa mwanzo si dalili kwamba unga umepungua. Ni kwamba haujashiba. Ukiuongezea mwingine wakati huo, unakuja kushiba baadaye na maji hayatoshi, na skonzi inakauka kabla haijaingia motoni. Siku hizi nikichanganya, nafunika bakuli nakwenda kuosha vyombo dakika 20. Nikirudi, nusu ya kazi ya kukanda imeshajifanya.

Kosa la pili lilikuwa kikombe. Kikombe kilekile nilikipima mara tatu: nilipomimina unga kwa kijiko kilibeba gramu 125, nilipochota moja kwa moja mfukoni 150, nilipokishindilia kikavuka 165. Mapishi ya vikombe vinne yanaweza kukuzidishia unga bila hata konzi moja ya ziada. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kabla hujanunua trei mpya au brashi ya kupakia siagi.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 300, yai moja, sukari gramu 60, siagi gramu 60, chumvi gramu 8 na hamira ya chenga gramu 7. Maziwa yakiwa mabichi yachemshe kwanza kisha yapoze, si kwa usalama tu: maziwa yaliyochemka hukipa kinyunya nguvu zaidi ya kuumuka.

Sasa kuna jambo ambalo mama hakunifundisha, na nililijaribu nikiwa na shaka. Waokaji wa China na Japani hupika kwanza sehemu ndogo ya unga kabla ya kuuchanganya na uliobaki. Wao wana majina yao. Sisi huo tunauita uji. Toa gramu 30 kwenye ule unga wako na mililita 150 kwenye yale maziwa 300, koroga kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka uwe mzito na mwiko uache njia chini ya sufuria. Dakika tatu, nne. Unga uliopikwa hushika maji mengi kuliko unga mbichi, na hayo maji ndiyo ulaini wa kesho yake. Skonzi yoyote ni laini ikitoka jikoni. Ipime kesho asubuhi. Acha uji upoe uwe uvuguvugu. Hamira hufa kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo ukichovya kidole ukaruka, subiri.

Changanya vyote isipokuwa siagi. Acha zile dakika 20, kisha kanda, na siagi iingie kidogo kidogo kinyunya kikishaanza kuvutika. Utaona kinavurugika na kuteleza kama kimeharibika. Usishtuke, endelea, kitarudi. Kujua kama kimeiva kwa kukandwa, kata kipande, kivute polepole kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka kiwe chembamba kama nailoni. Ukiona mwanga wa dirisha umepenya bila kuchanika, basi. Kikichanika, dakika tano zaidi.

Kuumuka usikupime kwa saa. Kwa joto la Tanga saa moja inatosha, pengine haifiki. Mbeya mwezi wa saba nimesubiri saa mbili na ushee. Ninachofanya ni kuweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, nikafunga mlango. Kikifika mara mbili ya ukubwa wake, kitoe. Kukisahau nako ni hatari: kinanukia pombe na skonzi hunywea motoni.

Gawa madonge 16 ya gramu 60 na ushee, yaviringe, uyapange trei ya nne kwa nne yakiwa yamekaribiana. Yakiumuka yatagusana ubavu kwa ubavu, na mbavu zilizogusana hazipati gamba. Skonzi zilizotengana hukauka pande zote. Zikiumuka mara ya pili, bonyeza moja kwa kidole: kishimo kikirudi haraka, bado, kikirudi taratibu na kuacha alama, washa moto.

Oveni nyuzi 180, dakika 20 mpaka 25. Kwa mkaa, tumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, iache ipate moto dakika kumi, weka bati lako ndani, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi yawe juu, chini yabaki machache tu, la sivyo tako litaungua huku uso ungali mweupe. Wengi hukosea hapo, wanawasha kama wanachemsha maharage.

Zikitoka, zipake siagi zingali moto na uzifunike kwa kitambaa safi. Mvuke utalainisha gamba la juu. Zikipoa kabisa, zitie kwenye mfuko au kopo lenye mfuniko. Usiziweke kwenye friji, maana ubaridi ule huzikausha haraka kuliko zikikaa mezani. Kama ni nyingi, zigandishe kwenye friza. Za siku ya tatu zikate katikati, uzichome na siagi kwenye kikaango, ule na maharage ya nazi. Hapa kwangu ni nadra kufika huko. Shemeji amehamia mtaa wa pili, na Jumapili huja na kopo lake.