Maswali ya Wasomaji: Mtoto Alifikishwaje kwenye Gilotini?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesikia kuwa Ujerumani ya Hitler ilimkata kichwa kijana wa miaka 17 kwa sababu ya vipeperushi tu. Sheria yao haikuwalinda watoto? Na hukumu hiyo ingali hai?

JIBU: Huyo ni Helmuth Hübener wa Hamburg. Kinga ilikuwapo: sheria ya 1923 iliweka kifungo kisichozidi miaka 10 kwa mkosaji aliye chini ya miaka 18. Lakini Oktoba 1939 serikali ilitoa amri kwamba aliyetimiza miaka 16 aweza kuhukumiwa kama mtu mzima, iwapo akili yake imekomaa kiutu uzima.

Sasa tazama mtego wenyewe. Tangu 1941 Hübener alisikiliza BBC kwa siri, akalinganisha habari zake na za serikali, kisha akapiga taipu vipeperushi kwa karatasi za kaboni ili kila mara atoe nakala kadhaa. Aliandika matini kama 60. Yeye na wenzake walizitia kwenye masanduku ya barua na mifuko ya makoti. Alinaswa kazini Februari 1942, akitafuta mtu wa kumtafsiria kwa Kifaransa; mfanyakazi mwenzake alimchongea.

Mahakama ya Umma, yaani Volksgerichtshof, ilisoma vipeperushi hivyo na kusema akili ya mwandishi imewapita mbali vijana wa rika lake. Basi, ni mtu mzima. Laiti angeandika ovyo!

Jopo lilikuwa la watu watano: mahakimu wawili wa taaluma na wazee wa baraza watatu, watu wa kuaminiwa na utawala. Rufaa hakuna. Agosti 11, 1942 alihukumiwa kifo kwa uhaini. Wenzake watatu walipata miaka 10, 5 na 4. Kilichobaki ni kuomba msamaha, na hata Gestapo, polisi wa siri wa utawala huo, waliuomba. Wizara ya sheria ikakataa. Oktoba 27, gerezani Plötzensee, aliarifiwa saa 7:05 mchana. Saa 2:13 usiku alikwisha kufa.

Kuhusu hukumu: mwaka 1985 Bunge la Ujerumani Magharibi lilitamka kwamba mahakama ile ilikuwa chombo cha ugaidi wa dola. Wengi hudhani hapo ndipo hukumu zilipofutwa. Sivyo, lile lilikuwa azimio tu. Sheria iliyozibatilisha ilipitishwa 1998.