Lucha Underground: hadithi haikuua mieleka, mkanda ndio ulichezewa

Nakubaliana nawe nusu tu, ndugu yangu. Unasema Lucha Underground, kile kipindi cha mieleka cha televisheni ya Marekani, ilikuwa tamthilia tupu, mieleka kiduchu. Msimu wa kwanza? Hapana. Tafuta ile mechi ya jeneza (unashinda kwa kumfungia mpinzani jenezani) ya Fenix na Mil Muertes, 2015. Kinyago kimechanika, damu inachuruzika usoni, jamaa bado anapaa kutoka kwenye kamba kama hana mifupa. Na ukijua habari za Catrina, yule mwanamke aliyekuwa meneja wa Mil Muertes, kati yao, kila pigo linakuuma zaidi. Hapo hadithi ilibeba mechi.

Pentagon Jr. vilevile. Wiki baada ya wiki anavunja watu mikono kumridhisha bwana wake asiyejulikana, kumbe ni Vampiro, mtangazaji aliyekaa pale pale mezani! Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kilichoniudhi mimi ni Matanza, lile jitu la msimu wa pili. Anaingia Aztec Warfare ya pili, mechi ya watu wengi ya kugombea mkanda wa ubingwa, anafagia kila mtu, Fenix anapokonywa mkanda aliouhangaikia, kisha tunabaki kutazama jitu lisiloangushika. Utamu uko wapi ukishajua nani atashinda? Halafu Sexy Star anautwaa katika Aztec Warfare ya tatu, mwanamke kati ya wanaume, nikasema sasa mambo. Muda si muda Johnny Mundo kaubeba. Ushindi ule ulistahili miezi, si siku.

Kuhusu wahusika wa ajabu, Drago aliye joka na Aerostar msafiri wa nyakati, hao waache. Nawapenda hivyo hivyo.