Barua kwa mwanangu: sikukuu za watu wenye njaa

Moshi, Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ndizi zimezaa vizuri, na baba yako goti limepungua maumivu.

Ujumbe wako ulioandika ukitoka kutembea mji wa York nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, hawa wakulima wa Uingereza wa zama za kati, mavuno yakikosa mwaka mmoja tu walikufa njaa. Iweje wawe na sikukuu arobaini na zaidi kwa mwaka, mbali na Jumapili? Huo si upotevu?" Nimefundisha historia miaka 28, na jibu la swali hilo haliingii kwenye simu. Ndiyo maana nakuandikia.

Ngoja nianzie zizini. Tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Martin wa Tours, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Kwa wakati huo Uingereza nyasi zimeshakwisha, na majani makavu yaliyowekwa ghalani hayatoshi kulisha kila mnyama mpaka baridi ipite. Mkulima anabakiza maksai wa kulima na majike ya kuzaa. Wengine anawachinja. Nyama nzuri inatiwa chumvi au inaning'inizwa motoni ikaushwe kwa moshi, ili ifike mbali. Lakini utumbo, maini na damu vitakaa siku ngapi? Vitaliwa sasa au vitaoza. Kijiji kizima kinachinja wiki hiyohiyo, kwa hiyo kijiji kizima kinakula. Na jambo hili ni la zamani kuliko kanisa lao. Mtawa Beda, aliyefariki mwaka 735, ameandika kwamba mababu zake Waingereza, kabla ya Ukristo, waliuita mwezi wa Novemba mwezi wa sadaka za damu. Mtakatifu Martin alikuta watu wameshawasha moto.

Sasa geuza upande wa pili. Februari na Machi ghala linaanza kuonyesha sakafu. Ng'ombe wamekauka maziwa. Hapo ndipo inaingia Kwaresima: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna siagi wala jibini, siku 40. Nilipokuwa msichana niliona mfungo kuwa ni jambo la kiroho tu. Nilipoanza kupika kwa bajeti ndogo nikaelewa zaidi. Njaa inayokukuta peke yako jikoni kwako ni aibu. Njaa ambayo parokia nzima imeifunga pamoja, na kabaila naye ameiacha nyama yake, inabebeka. Na kuku wanaporudi kutaga ilhali hakuna anayeruhusiwa kula, mayai yanarundikana. Pasaka inafika, watu wanapeana mayai, na wapangaji wa ardhi wanampelekea kabaila kapu lake. Mfalme Edward wa Kwanza, mwaka 1290, alinunuliwa mayai 450 kwa peni 18, yakapambwa kwa dhahabu, wakagawiwa watu wa nyumba yake.

Kwa hiyo kalenda yao ilikuwa shamba lililovaa majina ya watakatifu. Kodi ililipwa siku nne za mwaka, na mkulima asiyejua kusoma alizijua zote: Kupashwa Habari Bikira Maria, Yohane Mbatizaji, Malaika Mikaeli na Noeli. Mikaeli, tarehe 29 Septemba, mavuno yakiwa ndani, ndipo hesabu za shamba zilipofungwa.

Lakini hayo ni ya tumbo na ghala. Kilichonifanya nizipende sikukuu zile ni haki iliyokuwa ndani yake. Katika mashamba mengi ya makabaila, mtwana aliyekuwa amefungwa kwenye ardhi ya bwana alikuwa na mlo wake wa Noeli katika ukumbi wa bwana huyohuyo, na mlo ule umeandikwa kwenye vitabu vya shamba: mkate, pombe ya shayiri, nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe na haradali. Mahali pengine alikuja na kikombe chake na kuni zake. Usiiite sadaka. Ulikuwa desturi, na desturi kwao ilikuwa na nguvu karibu sawa na sheria. Wakati wa mavuno vilevile, bwana alipowaita kuvuna shamba lake alipaswa kuwalisha, na siku za kuvuna zilitofautishwa kwa majina: kuna siku ya pombe na kuna siku ya maji. Bibi yako angeelewa mara moja. Hapa kwetu, aliyeita watu kulima bila kuwaandalia chochote, mwaka uliofuata alilima peke yake.

Baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349 wafanyakazi wakawa wachache, wakaanza kujua thamani yao. Mwaka 1402 Bunge lilipitisha sheria kwamba kibarua asilipwe kwa siku ya sikukuu, wala asilipwe siku nzima kwa mkesha ambao kazi inasimama adhuhuri. Mwanangu, hakuna anayetunga sheria ya kukataza jambo lisilotendeka. Maana yake walikuwapo vibarua waliodai mshahara wa siku ya kupumzika, na waajiri waliowapa. Nilikuwa nikifika hapo darasani natulia kidogo, wanafunzi wapate kuisikia.

Neno "upotevu" ulilotumia lina historia yake. Mwaka 1536 serikali ya Henry wa Nane ilifuta sikukuu nyingi zilizoangukia kati ya Julai mosi na Septemba 29, ikisema zinalea uvivu na kuharibu mavuno. Siwezi kusema hawakuwa na hoja. Mvua haingoji mtakatifu. Ila mgongo uliokuwa ukiinama shambani siku ile haukuulizwa.

Nimalizie na hapo York uliposimama. Sikukuu ya Ekaristi ilitokana na maono ya Juliana, mtawa wa Liège, na Papa Urbano wa Nne akaitangaza kwa Kanisa lote mwaka 1264. York waliifanya kuwa yao. Siku hiyo waliigiza michezo juu ya magari ya kusukumwa, na magari hayo yanatajwa tangu 1376: kila chama cha mafundi kilibeba kipande kimoja cha habari za Biblia, tangu uumbaji hadi siku ya hukumu. Waunda meli walijenga safina ya Nuhu, wavuvi na mabaharia wakaigiza gharika, waokaji wakaandaa Karamu ya Mwisho. Walianza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakasukuma magari yao kutoka barabara ya Micklegate, wakisimama vituo kama kumi na viwili mjini. Mwoka mikate aliyedharauliwa mwaka mzima, siku hiyo aliuonyesha mji mzima mkate ulipomegwa. Na London, mwaka 1381, ilikuwa sikukuu hiyohiyo, Juni 13, wakulima wa Kent na Essex walipoingia mjini kudai utwana ukome.

Jumapili iliyopita nasi tulizunguka na Ekaristi, kila jumuiya imepamba altare yake njiani, watoto wanamwaga maua. Ya jumuiya yetu nilishona kitambaa mimi. Nilikuwa nikitembea nyuma ya padre nawafikiria wale waokaji.

Michezo yao ilichezwa mara ya mwisho mwaka 1569, ikafufuliwa 1951. Ukipata nafasi ya kurudi York, nenda Micklegate mapema kabla magari ya leo hayajajaa, unipigie picha ya barabara ikiwa tupu. Nataka kuona upana wake, nijue gari la safina lilipitaje.

Mama yako