Mshale wa presha ya oili ukilala, usikimbilie kununua sensa

Dereva wa lori akiniambia mshale wa presha ya oili umelala, huwa namuuliza kwanza kama alizima injini. Wengi hawazimi. Wanajiambia geji ndiyo imekufa, watajikokota hivyo hivyo hadi Nakuru fundi aangalie. Nawaelewa, mzigo una wenyewe na tajiri hakomi kupiga simu. Lakini presha ikiwa imeisha kweli, beringi za kranki, ule mhimili mkuu wa injini, hazina dakika nyingi, na kutoka Salgaa hadi mjini hazifiki. Egesha, zima, ndipo uanze kutafuta.

Anza na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Lori liwe mahali tambarare na oili ipewe dakika kumi hivi kuteremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikiwa chini, jibu unalo tayari, kilichobaki ni kujua imepotelea wapi. Lakini iogope pia ikiwa imepita alama ya juu na hakuna aliyeongeza. Ipake kati ya vidole, uinuse. Niliwahi kuletewa lori la miwa kutoka upande wa Muhoroni, limeshabadilishiwa sensa, kile kifaa kinachopima presha na kuipelekea geji habari, na bado mshale ulikuwa unalala kila injini ikishapata moto. Oili yake ilikuwa nyepesi kama maji na inanuka dizeli wazi wazi. Injekta moja, kile kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda, ilikuwa inavujia ndani. Dizeli ikiingia kwenye oili, uzito unapotea na presha inashuka. Geji ile haikuwa na kosa lolote.

Oili ikiwa nzuri, sasa shuku umeme. Malori mengi ya zamani huku kwetu yana sensa ya waya mmoja iliyofungwa kwenye bloku, na athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha lori, inaipata kupitia thredi zake. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, taniboi, msaidizi wa dereva, akae kabini akutazamie mshale. Chomoa waya kwenye sensa, kisha ncha yake iguse chuma kisafi cha injini, mara moja tu, uondoe. Mshale ukiruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, geji na waya ni nzima. Usipotikisika, kagua fyuzi, waya na geji yenyewe. Mwisho upi ni sifuri inategemea aina ya geji, kwa hivyo hilo lisikusumbue.

Lori la kisasa lenye sensa ya waya tatu inayoongea na kompyuta usilifanyie hivyo kamwe. Hilo lipeleke kwa mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Waya wenyewe ufuate kwa mkono, usitegemee macho. Unapenda kuliwa unapopita kwenye ukingo wa chuma, karibu na stata, na pale kabini inapokunjukia. Nimeshika waya ambao kwa nje ulionekana mzima, nikaukunja kidogo, mpira ukapasuka na ndani shaba imeota kutu ya kijani, nyuzi chache tu ndizo zilizoshikilia. Waya wa namna hiyo unaleta shida inayokuja na kuondoka: barabara mbaya mshale unacheza, lami nzuri unatulia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni geji ya mkono, ile yenye bomba la mpira linalofungwa mahali pa sensa na haitumii umeme hata kidogo. Kila tajiri mwenye malori mawili matatu angekuwa nayo. Ifunge vizuri, washa injini, na isiposoma kitu ndani ya sekunde chache, zima hapo hapo. Ikisoma, acha injini ipate moto sawasawa ndipo uandike namba, kwa sababu oili baridi huficha ugonjwa. Asubuhi ya Timboroa, juu ya mita 2,700, oili ni nzito na mshale unapanda hata kwa injini iliyochoka. Lori hilo hilo likitoka Ahero, kule chini kwenye joto, na mzigo, likapanda hadi Kericho, ndipo utaona hali yake halisi. Mafundi wengi hukadiria paundi 10 (psi) kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, lakini kitabu cha injini yako ndicho cha mwisho. Geji ya mkono ikisoma chini pia, achana na sensa: sasa ni pampu ya oili, valvu ya presha, chujio la ndani ya sampu au beringi zilizolika.

Ikiwa kweli sensa ndiyo mbovu, nenda nayo dukani mkononi. Thredi zifanane, na vipimo vyake viendane na geji iliyoko kwenye dashibodi, la sivyo mshale utasoma namba za uongo. Ukinunua geji pia, kumbuka malori mengi ni ya volti 24. Ya volti 12 itaungua. Kwenye sensa ya waya mmoja usizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba kwa wingi, inaweza kuikatia athi, na utarudi kuanza upya ukidhani umeuziwa mbovu. Kaza kwa kiasi, washa injini, pitisha kidole chini ya thredi uone kama panavuja. Kisha andika presha uliyoipata injini ikiwa moto, pamoja na kilomita, kwenye daftari la lori. Fundi atakayelifungua baada yako ataanzia hapo.