Nani anakula bando langu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nasoma mwaka wa kwanza Dodoma. Naweka bando la GB 2 kwenye simu, nawasha hotspot ili nitafute notisi kwa laptop. Saa moja haijapita, meseji inaingia: bando limekwisha. Na bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, bado!

JIBU: Marahaba. Anayekula ni laptop yenyewe. Windows inaiona hotspot yako kama Wi-Fi yoyote isiyo na kikomo, hivyo inashusha masasisho kimyakimya, na sasisho moja tu linaweza kufika mamia ya MB.

Ukiwa umeunganishwa, fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha sifa za mtandao huo, uwashe "Metered connection", yaani mtandao wenye data ya kupimwa. Masasisho mengi yatasimama. Ukibadilisha jina la hotspot, rudia, maana kompyuta itauona kama mtandao mpya. Palepale kwenye Network & internet, ndani ya "Advanced network settings", "Data usage" itakutajia kila programu na ilichokula.

Video za somo zipunguze ubora wa picha hadi 480p. Maandishi ya ubaoni kwa kawaida bado yanasomeka.

Masasisho usiyafungie kabisa tafadhali, yanaziba matundu ya usalama. Yashushe kwa Wi-Fi ya maktaba, chaja ikiwa imechomekwa.