Kumhamisha fereti kutoka chakula kikavu hadi nyama mbichi: anza na pua

Kama ndiyo kwanza unafuga fereti na unataka kumtoa kwenye chakula kikavu cha punje, jua jambo moja kabla hujanunua nyama: fereti wako hajui kwamba nyama huliwa. Ni jamaa wa kicheche, meno yake ni ya kurarua, lakini pua yake huzoea harufu ya chakula akingali mdogo, katika miezi 6 ya mwanzo. Kitu kisichonukia kama alichokulia hukiruka kama jiwe.

Wengi hapo huondoa punje zote, wakisema njaa itamfundisha. Usithubutu! Utumbo wa fereti ni mfupi, chakula hupita ndani yake kwa saa 3 hadi 4 tu, ndiyo maana hula kidogo kidogo usiku na mchana. Akishinda njaa, sukari ya damu yaweza kushuka, na aliyevuka miaka 3 yuko hatarini zaidi kwa kuwa uvimbe wa kongosho, unaoshusha sukari, huwapata sana wa umri huo. Ukimwona amelegea miguu ya nyuma, anadondosha mate au anajikwaruza mdomo, mpake asali kwenye fizi na umkimbize kwa daktari wa wanyama.

Mimi huanza na supu. Saga punje alizozoea ziwe unga, changanya na maji ya uvuguvugu, kisha tia kijiko cha chai cha nyama ya kuku iliyosagwa. Weka bakuli ndani ya maji ya moto kwa muda, maana nyama iliyotoka kwenye friji hainukii. Jike wangu wa kwanza, wa gramu 700, alinusa, akapiga chafya, akarudi kulala. Nikachovya kidole nikampaka mdomoni. Akajilamba kwa kujisafisha tu. Siku ya nne alilamba kidole chenyewe. Siku ya tisa nilishusha kidole taratibu naye akakifuata hadi bakulini, akaendelea kula nilipokitoa. Nilikaa sakafuni bila kutikisika, nisije nikamkatiza.

Baada ya hapo ongeza nyama, punguza unga. Wengine huvuka kwa wiki 2, wengine miezi. Mpime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili. Akipungua, rudi nyuma hatua moja. Choo kulainika kidogo mwanzoni ni kawaida, ila kikiwa cheusi kama lami usisubiri, mpeleke kwa daktari.

Mnofu peke yake haumtoshi, hauna kalsiamu ya kutosha. Wengi wetu tunafuata takriban asilimia 80 nyama, 10 mfupa mbichi, 10 viungo vya ndani, na nusu ya viungo hivyo iwe ini. Ini likizidi, vitamini A nayo inazidi. Moyo usiukose, una taurini nyingi, kirutubisho cha moyo na macho. Mfupa uliopikwa usimpe kamwe: hupasuka vipande vyenye ncha.

Halafu fereti huficha chakula. Niliwahi kukuta bawa la kuku la siku mbili chini ya blanketi lake. Kagua malazi kila siku, na nawa mikono kwa sabuni, kwani salmonela, kijidudu cha nyama mbichi kinacholeta kuhara, haichagui.

Dume langu la miaka 6 halikugusa mfupa hata siku moja. Lilipenda supu yenye nusu nyama, na ndiyo niliyoliandalia kila siku, kalsiamu ya unga ikiwa ndani, hadi mwisho wa maisha yake.